Umar bin Abdul Aziz: Gavana kabla ya kuwa Khalifa

Waislamu wengi wanamfahamu Umar bin Abdul Aziz kwa miaka yake miwili na miezi kadhaa ya ukhalifa. Masheikh wetu humtaja kila yanapozungumzwa mambo ya uadilifu, na wako wanaomhesabu kuwa Khalifa mwongofu wa tano. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa gavana kwa takriban miaka sita, na kwamba katika kazi hiyo alifanya mema mengi, kisha akatekeleza amri moja iliyomliza mpaka anaingia kaburini. Ndugu msomaji, tuitazame miaka hiyo sita, kwani ina somo juu ya madaraka ya gavana ambalo ukhalifa wake peke yake hautoshi kulitoa.

Kwanza tuelewe gavana alikuwa nani. Kwa Kiarabu huitwa wali, na hapo ndipo lilipotoka neno liwali, ambalo watu wa Pwani walilitumia kwa wawakilishi wa Sultani wa Zanzibar katika miji kama Mombasa na Lamu. Katika dola ya Bani Umayya, ambayo makao yake yalikuwa Damascus, wali hakuchaguliwa na watu. Aliteuliwa na Khalifa na kuuzuliwa na Khalifa. Lakini akiwa kazini mkono wake ulikuwa mrefu. Aliswalisha Ijumaa, aliongoza askari, alilinda amani ya mji, aliteua kadhi, na mara nyingi alisimamia pia ukusanyaji wa kodi. Yaani mimbari, upanga na hazina viliweza kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Cha kumzuia asidhulumu kilikuwa ama Khalifa, ambaye yuko mbali, ama hofu yake mwenyewe kwa Mwenyezi Mungu.

Umar alizaliwa ndani ya utawala. Baba yake, Abdul Aziz bin Marwan, alikuwa gavana wa Misri kwa miaka ipatayo 20, hadi alipofariki. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A). Baba alimpeleka Madina akasome, chini ya mwalimu Salih bin Kaysan. Inapokewa kwamba siku moja kijana alichelewa swala ya jamaa kwa sababu nywele zake zilikuwa zinatengenezwa. Mwalimu akaandika barua Misri, na gavana akatuma mtu kutoka huko aje amnyoe kichwa. Pamoja na malezi hayo, Umar alikua kijana wa fahari, mpenda mavazi mazuri na manukato, akamwoa Fatima, binti wa Khalifa Abdul Malik.

Mwaka 87 Hijria (706), Khalifa Al-Walid bin Abdul Malik, ambaye ni binamu na shemeji yake, alimteua kuwa gavana wa Madina. Umri wake ulikuwa kama miaka 25. Makka na Taif nazo zikaja kuwekwa chini yake. Aliyemtangulia, Hisham bin Ismail, alikuwa amewachosha watu kwa ukali wake. Ndiye aliyempiga mijeledi Said bin Al-Musayyib, mwanachuoni mkubwa wa Madina, kwa kukataa kutoa kiapo cha utii kwa warithi wa Khalifa.

Jambo la mwanzo alilolifanya Umar baada ya kuwasili na kuswali Adhuhuri ni kuwaita mafaqihi kumi wa mji ule. Miongoni mwao walikuwemo Urwa bin Zubayr, Al-Qasim bin Muhammad, Salim bin Abdullah bin Umar, Sulayman bin Yasar na Kharija bin Zayd. Akawaambia kwamba hatapitisha jambo bila ya rai yao au ya watakaokuwepo kati yao. Akawataka pia wamfikishie habari wakimwona yeyote anavuka mipaka, au wakisikia kuwa mtumishi wake amedhulumu. Hakuna aliyemlazimisha. Barua ya uteuzi ilimpa mamlaka yote, naye kwa hiari yake akajiwekea watu wa kumzuia.

Aidha, ndiye aliyesimamia upanuzi mkubwa wa Msikiti wa Mtume (S.A.W), ulioanza mwaka 88 kwa amri ya Al-Walid. Katika upanuzi huo vyumba vya wake wa Mtume (S.A.W) vilibomolewa na eneo lake likaingizwa msikitini. Watu wa Madina walilia siku hiyo. Said bin Al-Musayyib alitamani vyumba vile vingeachwa, ili vizazi vijavyo vione jinsi Mtume alivyoridhika na kidogo. Hapa tayari unaona hali ya gavana: watu wake wanalia mbele yake, na amri imetoka kwa mkubwa wake. Umar alitekeleza amri.

Wakati huo Iraq ilikuwa chini ya Al-Hajjaj bin Yusuf, gavana ambaye jina lake limebaki katika historia kwa umwagaji damu. Mamlaka ya magavana wale wawili yalitoka kwa Khalifa yule yule, dini yao ni moja na zama zao ni moja. Watu wakawa wanamkimbia Al-Hajjaj na kuja kujihifadhi Hijazi kwa Umar, naye akawapokea. Alimwandikia Al-Walid kumlalamikia Al-Hajjaj kwa dhulma zake. Al-Hajjaj naye akaandika kuwa Makka na Madina zimegeuka maficho ya waasi.

Kisha likaja jambo la Khubayb. Huyu alikuwa mtoto wa Abdullah bin Zubayr, mtu wa ibada na elimu, aliyesema maneno ambayo watawala hawakuyapenda. Mwaka 93 amri ilitoka kwa Al-Walid kwamba achapwe. Umar, mwenye baraza la mafaqihi kumi, mwenye kuwahifadhi wanaodhulumiwa na wengine, alitekeleza. Khubayb alipigwa mijeledi, akamwagiwa maji ya baridi katika siku ya baridi kali, akasimamishwa mlangoni mwa msikiti. Akafariki. Umar alilipa diya, lakini moyo wake haukutulia tena.

Mwaka huo huo Al-Walid alimsikiliza Al-Hajjaj na akamuuzulu Umar. Magavana wapya walikuwa watu waliopendekezwa na Al-Hajjaj mwenyewe: Uthman bin Hayyan kwa Madina na Khalid Al-Qasri kwa Makka. Wakimbizi wa Iraq wakakamatwa na kurudishwa kwa minyororo. Miongoni mwa waliokamatwa Makka ni Said bin Jubayr, mwanafunzi wa Ibn Abbas (R.A), ambaye Al-Hajjaj alimuua.

Hapa ndipo penye somo. Usalama wa watu wale ulitegemea moyo wa mtu mmoja. Alipoondoka, uliondoka naye. Mafaqihi kumi nao walikuwa na sauti kwa kuwa Umar alitaka wawe nayo, na kwa Khubayb hatusikii kwamba sauti yao ilimwokoa. Wema wa gavana ni neema, lakini wema usiokuwa na kanuni ya kuulinda haumalizi hata mwezi baada ya mwenyewe kuondoka.

Hapana shaka Umar aliijua vyema hali hiyo alipokuwa Khalifa mwaka 99 Hijria (717), kwani tukizitazama amri zake kwa magavana tunaona ni mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti chao. Aliagiza kwamba gavana asimuue mtu wala kumkata mkono mpaka suala lifikishwe kwake kwanza. Aliwakataza watawala kufanya biashara katika maeneo wanayoyatawala, kwani nani atashindana bei na mwenye askari? Gavana wa Basra alipoomba ruhusa ya kuwatesa watumishi waliodaiwa mali ya umma ili waitoe, alimkatalia. Kule Khurasan, Al-Jarrah bin Abdullah aliwasumbua waliosilimu, mapato ya jizya yasije yakapungua; akakemewa, na baadaye akauzuliwa. Gavana wa Misri naye alipolalamikia upungufu huo huo, alijibiwa kwamba Mtume (S.A.W) aliletwa kuongoza watu, hakuletwa kukusanya kodi.

Tazama amri ile ya mwanzo, ya kutomwaga damu bila ya kurejea juu. Lakini tusisahau kwamba mauti ya Khubayb yalitokana na amri iliyotoka juu. Kwa hiyo hata kanuni hiyo haimpi gavana pa kujificha. Khalifa akiwa mwadilifu, kanuni humzuia gavana mbaya. Khalifa akiwa dhalimu, anayebaki kati ya amri na mgongo wa mtu ni gavana mwenyewe, na Siku ya Kiyama ataulizwa yeye kwa mkono wake.

Leo wako magavana wanaochaguliwa kwa kura, kama wenzetu wa Kenya walivyoanza mwaka 2013, na wako wakuu wa mikoa wanaoteuliwa, kama hapa kwetu. Njia za kuingilia zinatofautiana, ila mtihani haujabadilika. Utawahifadhi wanaokukimbilia? Na ikija barua kutoka kwa aliyekuweka, ikikutaka umdhulumu mtu asiye na kosa, utafanya nini?

Umar alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 (720) huko Dayr Simaan, Sham, akiwa na miaka isiyozidi 40. Inasimuliwa kwamba kila alipobashiriwa kheri kwa jambo jema alilolifanya, aliuliza itakuwaje juu ya Khubayb. Hakusema kwamba aliamrishwa. Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na Khubayb, na awape viongozi wetu hofu kama ile. Wallahu aalam.