Sheikh Rifa'a na Kahawa ya Wafaransa

Mwaka 1826 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipeleka Ufaransa vijana zaidi ya 40 wakasome elimu za huko. Pamoja nao alikuwemo Sheikh Rifa'a al-Tahtawi, mwanachuoni kijana wa Al-Azhar, aliyezaliwa Tahta mwaka 1801. Yeye hakutumwa kusoma. Alikwenda kama imamu, awasalishe wenzake na kuwahifadhi katika dini yao. Aliyempendekeza ni mwalimu wake, Sheikh Hasan al-Attar.

Walishuka Marseille. Siku moja Sheikh aliingia mkahawa wa mji huo, akaona watu wengi mno, hata akadhani amefika njia kuu. Alipoiona sura yake mwenyewe imerudiwa huku na huku, ndipo alipotambua kuwa kuta zilikuwa zimejaa vioo.

Kahawa nayo ilimshangaza. Msomaji wa Mombasa au Lamu, aliyezoea kahawa tungu katika kikombe kidogo, atamwelewa. Kikombe cha Wafaransa kilikuwa sawa na vinne vya Misri, kama bakuli. Sukari ililetwa pamoja na kahawa, kila mtu akajichanganyia mwenyewe. Aliyeshika hesabu ni mwanamke, ameketi mahali pa juu, wino na kalamu mbele yake. Sheikh hakususia. Alikunywa kama walivyokunywa wenyeji, kwani kahawa ni halali, iwe tungu au ya sukari.

Humo mkahawani alikuta pia magazeti, yamewekwa ili wateja wasome habari za kila siku. Hili hakulisahau.

Alikaa Paris mpaka mwaka 1831. Alijifunza Kifaransa kwa bidii yake, akasoma vitabu vingi na kufasiri baadhi yake. Kila alichokiona alikipima kwa mizani ya sheria. Yaliyopingana na dini aliyakataa waziwazi. Ya elimu, usafi na bidii ya kazi aliyasifu bila choyo.

Habari za safari hiyo aliziandika katika kitabu chake, Takhlis al-Ibriz, kilichopigwa chapa Bulaq mwaka 1834. Mwaka 1835 Chuo cha Lugha kilifunguliwa Cairo, naye akakiongoza na kufundisha wafasiri wengi. Baadaye alihariri Al-Waqa'i al-Misriyya, gazeti la serikali. Mwaka 1850 mtawala mpya, Abbas, alimhamishia Khartoum, akakaa huko kwa dhiki hadi mwaka 1854. Hata huko hakuacha kufasiri. Mwaka 1872 alitoa kitabu juu ya malezi na masomo ya wasichana na wavulana, na mwaka 1873 akafariki dunia.

Wazazi wengi wa pwani huingiwa na hofu mtoto anapokwenda ng'ambo, wakidhani atarudi si wao tena. Sheikh Rifa'a alikunywa kahawa ya wageni kwa kikombe cha wageni, akarudi kwao imamu vile vile, na elimu juu yake.