Nyaatha wa Gikondi: Mtawa aliyefuata wagonjwa hadi kaburini

USIKU wa Oktoba 31, 1930, mtawa wa Kiitaliano aliaga dunia kwa ugonjwa wa tauni katika misheni ya Gikondi, Mukurweini, akiwa na umri wa miaka 39. Wenyeji walikuwa wamekwisha kumpa jina lao, Nyaatha, yaani mama wa huruma, na hilo ndilo lililodumu.

Jina lake la kitawa lilikuwa Irene Stefani. Alizaliwa Agosti 22, 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akabatizwa Mercede.

Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa mjini Turin mwaka 1910 na padri Giuseppe Allamano, ambaye alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Aliweka nadhiri Januari 1914, na mwaka mmoja baadaye akateremka melini Mombasa.

Wakati huo Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimefika Afrika Mashariki. Waingereza waliwachukua vijana kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, wengi wao bila hiari. Jina la kikosi hicho, Carrier Corps, limebaki hadi leo katika mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo, Dar es Salaam. Majina ya wapagazi wenyewe ni nadra kukumbukwa.

Walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sista Irene alipelekwa kuwauguza katika hospitali ya kijeshi huko Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali ni neno la heshima mno kwa mahali hapo: wagonjwa walilazwa chini, wakisongamana, huku dawa zikiwa haba. Aliosha vidonda, akalisha waliokosa nguvu na kuwabatiza wengi waliokuwa wakikata roho.

Vita vilipokwisha alirejea Nyeri, na mwaka 1920 akapangiwa Gikondi. Huko alikaa miaka kumi.

Alifundisha shuleni, lakini darasa halikumtosha. Alipanda na kushuka milima kwa miguu, akiwa amevaa viatu vizito, akiingia nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa na akina mama waliojifungua. Jioni aliwaandikia barua wazazi wasiojua kusoma, ambao wana wao walikwenda kutafuta kazi mijini. Pengine ni barua hizo, kuliko mahubiri, zilizomfungulia milango ya vijiji.

Tauni ilipozuka mwaka 1930, mmoja wa walioambukizwa alikuwa mwalimu ambaye hapo awali hawakuelewana. Ingawa hatari ilijulikana, Sista Irene alikwenda kumuuguza. Mwalimu huyo alifariki, na muda si mrefu mtawa naye akaugua.

Muujiza uliokubaliwa na Vatikani ulitokea mbali na Mlima Kenya. Mnamo Januari 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea Msumbiji, makatekista na jamaa zao walijificha siku kadhaa ndani ya kanisa la Nipepe. Walimwomba Sista Irene, na maji machache ya kisima cha ubatizo yakawatosha wote.

Mei 23, 2015, Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam aliongoza ibada mjini Nyeri ya kumtangaza Mwenye Heri, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Masalia yake yamehifadhiwa katika kanisa kuu la Mama wa Consolata mjini humo.