Bibi Titi Mohamed: Kabla ya siasa alianza na ngoma

Mtoto wa Kibiti, Ikwiriri au kule delta ya Rufiji hukutana na sanaa mapema sana, tena kwa masikio. Bado yuko mgongoni kwa mama, anasikia ngoma ya unyago, ya harusi, na kaswida za maulidi. Kusoma hajui, lakini kuitikia wimbo anajua.

Bibi Titi Mohamed, ambaye ukoo wake una asili ya Rufiji, alikulia kwenye utamaduni huo huo. Na ngoma ndiyo iliyokuja kumfungulia mlango wa siasa.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Baba yake hakutaka asome shule, akihofia mtoto ataharibika dini. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka, akafika darasa la nne. Alipovunja ungo akawekwa ndani kama desturi ya Pwani ilivyotaka, kisha akaozwa angali binti mdogo kwa mwanaume aliyemzidi sana umri.

Kwa wengi wa wakati ule, hadithi ingeishia hapo. Ila Titi alikuwa na sauti. Aliimba kwenye maulidi, na baadaye akawa mwimbaji kiongozi wa Bomba, kikundi cha ngoma cha wanawake wa Dar.

Usichukulie poa. Vikundi hivi vilikuwa na viongozi, michango na ushindani mkali. Mwimbaji kiongozi anatazama uwanja: watu wakipoa anabadilisha wimbo, wakichangamka anaongeza moto. Kazi hiyo ilimfundisha kusimama mbele ya umati bila kutetemeka.

TANU ilianzishwa mwaka 1954. Mwaka uliofuata, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Tanganyika na kuulizia wanawake wa chama wako wapi. Hapo ndipo Bibi Titi akatafutwa ili aongoze tawi la wanawake. Tayari alikuwa na kadi ya TANU, namba 16.

Wanachama angewapata wapi? Akarudi kwa watu anaowajua: wanawake wa vikundi vya ngoma. Akimshawishi kiongozi mmoja, kikundi kizima kinakuja nyuma yake. Ndani ya miezi michache wanawake waliojiunga wakahesabika kwa maelfu. Baada ya hapo akazunguka nchi na Julius Nyerere, akihutubia mikutano ya hadhara.

Uhuru ukaja 1961. Akawa mbunge, na mwaka 1962 kiongozi wa kwanza wa UWT. Halafu upepo ukageuka. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi Rufiji, nyumbani kwa asili yake, enzi hizo Kibiti ikiwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Yeye alikuwa nazo na hakukubaliana na sharti hilo, akajiuzulu.

Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Nyerere, mtu aliyezunguka naye nchi nzima, ndiye aliyekuwa Rais. Aliachiwa kwa msamaha mwaka 1972, akarudi kwenye maisha ya kimya. Sauti iliyojaza viwanja ikawa haisikiki tena hadharani. Ilibidi ifike 1991, miaka 30 ya uhuru, ndipo akaanza kutajwa tena kama shujaa.

Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Leo barabara kubwa katikati ya Dar ina jina lake, na maelfu ya watu huipita kila siku.

Ukienda harusini Kibiti, mwangalie yule mama anayeanzisha wimbo na wenzake wote wakaitikia. Bibi Titi alianzia hapo hapo.