Tilman: Mkulima wa Kericho aliyevuka Afrika kwa baiskeli

ELDORET ni jina linalotajwa duniani kote kwa sababu ya wanariadha wake wa mbio ndefu. Hata hivyo, miongo kadhaa kabla ya Wakenya kutamba katika viwanja vya Olimpiki, nyanda hizi za juu zilikuwa zimemlea mtu mwingine aliyeipima miili na nia ya binadamu kwa namna yake. Huyo ni Harold William Tilman, ambaye mwaka 1933 aliendesha baiskeli peke yake kutoka Uganda hadi bahari ya Atlantiki.

Tilman alizaliwa Februari 14, 1898, mjini Wallasey, Uingereza. Alipelekwa vitani Ufaransa angali kijana mbichi, akajeruhiwa, na akatunukiwa nishani ya ushujaa mara mbili. Vita vilipokwisha alipata shamba karibu na Kericho kupitia bahati nasibu ya serikali ya kikoloni, iliyowagawia ardhi askari wa Kizungu waliorudi kutoka vitani. Waafrika waliopigana vita hivyo hivyo, pamoja na maelfu waliobebeshwa mizigo ya jeshi, hawakupewa chochote. Badala yake, Wakipsigis na Wanandi walipoteza sehemu ya ardhi yao ili mpango huo ufanikiwe.

Kwa muda wa miaka kumi Tilman alikata msitu na kupanda kahawa, akiishi maisha ya upweke. Ndipo aliposikia habari za Eric Shipton, kijana aliyekuwa amekwea kilele cha Batian katika Mlima Kenya mnamo Januari 1929. Shipton alikuja kusimamia shamba huko Turbo, magharibi mwa mji wa Eldoret. Tilman alimwandikia barua, na kutokana na barua hiyo ukazaliwa urafiki uliodumu maisha yao yote. Mwaka 1930 walipanda pamoja Kilimanjaro na Mlima Kenya, na mwaka 1932 wakaifikia milima ya Ruwenzori.

Mwaka huo huo wa 1932 msiba ulimpata. Alipokuwa likizoni Uingereza alianguka mwambani pamoja na wenzake, na mmoja wao akafariki dunia. Tilman, ambaye mgongo wake ulikuwa umeumia vibaya, alitambaa mwendo mrefu kwenda kutafuta msaada. Madaktari walimwambia kwamba hangeweza tena kupanda milima.

Alirejea Kenya, akajaribu kutafuta dhahabu Kakamega bila kupata utajiri, kisha akaamua kurudi kwao. Njia ya kawaida ilikuwa kushuka Mombasa na kupanda meli. Yeye alichagua njia nyingine. Septemba 1933, akiwa na umri wa miaka 35, aliondoka Kampala juu ya baiskeli ya kawaida, ya aina iliyokuwa ikitumiwa na wananchi wa Uganda, akaelekea machweo.

Safari hiyo ilimpitisha katika misitu ya Kongo iliyokuwa chini ya Wabelgiji, kisha makoloni ya Wafaransa ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kamerun. Baada ya siku 56 alifika Kribi, kwenye pwani ya Atlantiki, akiwa amekwenda takriban kilomita 4,800. Huo ni wastani wa zaidi ya kilomita 80 kila siku, katika barabara za udongo, bila mwenzi na bila gari la kumfuata. Chakula chake kikubwa kilikuwa ndizi.

Anayejua baiskeli ataelewa uzito wa jambo hili. Siku za kwanza huumiza miguu, viganja na makalio, lakini mwili huzoea. Mtihani mkubwa zaidi ni wa akili: barabara isiyobadilika, jua, mvua, na ukimya wa siku nzima bila mtu wa kumtupia neno. Anayewaza umbali wote uliobaki hukata tamaa, ilhali anayewaza kijiji kinachofuata hufika. Miaka kumi ya upweke shambani ilikuwa imemwandaa Tilman kwa mtihani huo kuliko mazoezi yoyote ya mwili.

Utabiri wa madaktari haukutimia. Agosti 1936 Tilman alifika kilele cha Nanda Devi nchini India, chenye urefu wa mita 7,816. Hakuna kilele kirefu zaidi ya hicho kilichofikiwa na binadamu hadi mwaka 1950. Mwaka 1938 aliongoza msafara wa Everest. Umri ulipomzuia kupanda milima mirefu aligeukia bahari, akasafiri kwa mashua hadi karibu na ncha zote mbili za dunia.

Mwezi Machi 1977 Shipton, rafiki yake wa Turbo, aliaga dunia. Novemba mwaka huo Tilman aliondoka Rio de Janeiro kwa chombo kiitwacho En Avant kuelekea visiwa vya Falkland. Chombo hicho na wote waliokuwamo hawakuonekana tena. Alikuwa amebakiza miezi michache tu kutimiza miaka 80.

Siku hizi barabara za Eldoret na Iten zina waendesha baiskeli wao wenyewe. Mmoja wao, Suleiman Kangangi, alifariki mwaka 2022 akiwa mashindanoni nchini Marekani, na wenzake wangali wanaipanda milima ile ile ya Bonde la Ufa.