Mackay, fundi aliyekata mashua katikati ili isafiri tena

Mafundi baiskeli wa Tabora wanalijua hili: chombo kikuukuu hakitupwi. Kinakatwa, kinaungwa, kinarudi barabarani. Enzi za misafara, njia ya kutoka pwani ilipofika Tabora iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine ziwani Victoria. Huko ziwani ndiko alikopata sifa fundi mmoja wa aina hiyo, Alexander Mackay.

Alizaliwa Rhynie, Scotland, mwaka 1849. Baba yake alikuwa mchungaji, ila kijana akapenda mashine. Akasomea uhandisi Edinburgh, akafanya kazi Ujerumani, na mwaka 1876 akatua Zanzibar na wamisionari wa CMS.

Safari ya kwanza ya bara ilimshinda kwa homa, akarudishwa pwani. Hakukaa bure. Mwaka 1877 alisimamia kufyekwa kwa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takriban maili 230.

Juni 1878 akafika Kageyi, kusini mwa ziwa. Wenzake wawili walikuwa wameshauawa Ukerewe. Vyuma vyao vimeota kutu, na mashua yao Daisy, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi, imeoza. Mackay akaiziba, wakaondoka. Dhoruba ikaitupa ufukweni, imepasuka.

Wengine wangeiacha pale. Yeye na mwenzake Wilson walikata kipande cha katikati, mbao zake wakazibia matundu, kisha wakaunganisha mbele na nyuma. Mashua ikawa fupi, lakini iliwafikisha Buganda Novemba mwaka huo.

Kwa Kabaka Mutesa alifua vyuma, akatengeneza bunduki zilizoharibika, akachapa vitabu vya Kiganda. Mwaka 1882 alitengeneza jeneza kubwa la mama wa Kabaka. Watu wakamwita Mzungu wa kazi.

Mutesa alipofariki 1884, mambo yakageuka. Januari 1885, Kabaka mpya Mwanga aliamuru vijana watatu wa misheni wachomwe moto. Mackay aliomba waachiwe, wapi! Yeye mwenyewe aliachwa hai, kwa sehemu kubwa kwa sababu ikulu ilihitaji mikono yake. Ufundi ule ule haukuweza kuwaokoa wanafunzi wake.

Mwaka 1887 akalazimika kuondoka, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Hata huko hakutua nyundo. Stanley alipopita 1889, alimkuta anahangaika na boila ya mashua nyingine.

Wakubwa wake walitaka arudi Ulaya apumzike, baada ya miaka kama 13 bila likizo. Hakwenda. Malaria ilimuua Februari 8, 1890, akiwa na miaka 40, mashua hiyo bado haijaingia majini. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.