Percy Sillitoe, Askari wa Miji Mikubwa

Watu wa Shinyanga wanaijua almasi. Mwaka 1940 Dkt. Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi nyingi huko Mwadui. Watu wa Geita nao wanaijua dhahabu. Penye mali kama hizi huja wachimbaji, huja wafanyabiashara, na wezi nao huja. Kisha huitwa askari.

Habari hii inahusu maisha ya askari mmoja aliyepata sifa kubwa Uingereza. Jina lake ni Percy Sillitoe. Alipambana na majambazi wa mijini. Alipozeeka, alipewa kazi ya kuzuia magendo ya almasi barani Afrika. Tusome tuone alifaulu wapi, na nguvu zake ziliishia wapi.

Ujana wake

Sillitoe alizaliwa London mwaka 1888. Alipokuwa mtoto aliimba katika kwaya ya kanisa kuu la St Paul's. Mwaka 1908 alikuja kusini mwa Afrika akajiunga na jeshi la polisi la wakoloni. Mwaka 1911 alihamia polisi wa nchi ambayo leo ni Zambia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza walipigana na Wajerumani waliokuwa wakitawala nchi yetu. Sillitoe alikuwa katika majeshi ya Waingereza. Tangu mwaka 1916 hadi 1920 alikuwa ofisa wa utawala hapa Tanganyika. Baada ya hapo alirudi kwao, na mwaka 1923 akawa mkuu wa polisi wa mji mdogo wa Chesterfield.

Wacheza kamari wa Sheffield

Mwaka 1926 alipelekwa Sheffield. Huu ni mji wa viwanda vya chuma, maarufu kwa kutengeneza visu. Wakati huo kazi zilikuwa haba. Watu wengi walicheza kamari ya kurusha sarafu, na magenge mawili yaligombea kutoza ushuru kwa wachezaji. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kuuawa mwaka 1925. Watu waliona maovu, lakini waliogopa kutoa ushahidi mahakamani.

Sillitoe alichagua askari wenye miili mikubwa na mioyo migumu. Waliingia katika vilabu vya pombe bila sare, na mara nyingi waliwapiga wahuni kabla ya kuwakamata. Magenge yalivunjika. Wenyeji wengi walishukuru, maana walikuwa wamechoka kuishi kwa hofu. Lakini njia ile ilikuwa na hatari. Askari akizoea kupiga kabla ya hakimu kuamua, iko siku atampiga asiye na kosa.

Kazi kubwa ya Glasgow

Mwaka 1931 Sillitoe alifanywa mkuu wa polisi wa Glasgow, huko Scotland. Mji huo ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja. Kazi yao kubwa ilikuwa kuunda meli. Katika miaka ile biashara ya dunia ilianguka, viwanda vikafungwa, na maelfu ya vijana wakakaa bila kazi. Vijana hao walijiunga na magenge na kupigana kwa nyembe na chupa. Magenge mengine yalifuata dini: Waprotestanti upande huu, Wakatoliki upande ule. Wenye maduka walilazimishwa kutoa fedha ili maduka yao yasivunjwe.

Huko Sillitoe hakutegemea nguvu peke yake. Alitengeneza upya jeshi lake la polisi. Askari waliozeeka kazini alitaka wastaafu. Alianzisha idara ya alama za vidole, ili mwizi ajulikane kwa alama aliyoiacha. Alitia redio katika magari ya polisi, jambo ambalo wakati ule lilikuwa geni.

Mitaani aliweka vibanda vya simu za polisi. Taa iliyokuwa juu ya kibanda ikiwaka, askari wa zamu alijua kwamba anaitwa. Raia naye aliweza kukitumia kibanda kuomba msaada. Kofia za askari zilitiwa mkanda wa vyumba vyeusi na vyeupe, ili raia amtambue askari kwa mbali. Mkanda huo umeigwa na polisi wa nchi nyingi.

Jambo jingine ni hongo. Wakati wa Sillitoe baadhi ya madiwani wa Glasgow walishtakiwa kwa kula rushwa, wakafungwa. Hivyo watu waliona kuwa sheria haikuwekwa kwa wahuni wa mitaani tu.

Magenge yalipungua sana. Mwaka 1942 Sillitoe alipewa na Mfalme heshima ya kuitwa Sir. Hata hivyo, polisi hawakuwa peke yao katika kazi hiyo. Vita Kuu ya Pili ilianza mwaka 1939. Viwanda vya meli vikapata kazi tena, na vijana wengi wakaingia jeshini. Katika miaka ya 1960, Sillitoe akiwa hayupo tena, magenge yalionekana upya katika mitaa ya mafukara.

Kuwinda magendo ya almasi

Tangu mwaka 1946 hadi 1953 Sillitoe aliongoza idara ya usalama ya Uingereza. Alipostaafu aliitwa na De Beers, kampuni iliyotawala biashara ya almasi duniani. Almasi nyingi zilikuwa zikiibwa migodini na kuuzwa kwa siri. Jiwe moja dogo linaweza kufichwa mdomoni, nalo lina thamani ya mshahara wa miaka mingi. Sillitoe alikusanya kikundi cha wapelelezi, wakaingia kazini mwaka 1954.

Magendo makubwa kuliko yote yalikuwa Sierra Leone, Afrika ya Magharibi. Huko kampuni moja ya kigeni ilikuwa imepewa haki ya kuchimba almasi karibu nchi nzima, kwa miaka 99. Mwananchi aliyechimba kando ya mto wa kijiji chake aliitwa mwizi. Kwa hiyo watu walichimba usiku, wakavuka mpaka na kuuza almasi nchi ya jirani, Liberia. Wapelelezi walipata habari nyingi, na watu walikamatwa. Lakini aliyekamatwa leo alifuatwa na wengine kumi kesho.

Mwishowe serikali ilibadili utaratibu. Haki ya kampuni ilipunguzwa. Kuanzia mwaka 1956 wananchi waliweza kukata leseni za kuchimba, na ofisi za kununua almasi kwa halali zilifunguliwa. Waliokuwa wakiitwa wezi wakawa wachimbaji wenye leseni. Magendo hayakwisha, lakini watu wengi sasa waliuza mchana bila kujificha. Kikundi cha Sillitoe kilivunjwa baada ya muda mfupi. Yeye mwenyewe alifariki Uingereza mwaka 1962.

Mafunzo kwetu

Mambo haya hayako mbali nasi. Huko Mwadui walinzi wa mgodi wamewahi kulaumiwa kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Mwaka 2021 kampuni ya kigeni iliyokuwa na hisa katika mgodi huo ilikubali kutoa fidia kwa watu 71, kutokana na madai ya watu kuumizwa na kuuawa. Mtu anayeokota mawe mgodini bila kibali anavunja sheria. Lakini anastahili kupelekwa mahakamani, si kupigwa risasi au kuvunjwa mifupa.

Geita nayo ina funzo. Zamani mchimbaji mdogo alimwuzia dhahabu yeyote aliyefika, na mara nyingi dhahabu hiyo ilipita njia za panya. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo baadhi ya kodi. Mwezi Machi mwaka huo soko la dhahabu lilifunguliwa Geita. Mchimbaji akaweza kupimiwa dhahabu yake mbele ya macho yake, akalipwa kwa bei inayojulikana, na serikali ikapata mrabaha wake.

Sillitoe alikuwa askari hodari. Aliwatia wahuni hofu, na aliwafundisha polisi kutumia maarifa. Lakini maisha yake yanatuonyesha kuwa askari hawezi kumaliza wizi peke yake. Kijana anahitaji kazi, mchimbaji anahitaji soko la haki, na raia anahitaji askari asiyekula hongo. Hapo ndipo raia atakapokuwa tayari kutoa ushahidi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini watu wa Sheffield waliogopa kutoa ushahidi?
2. Sillitoe alibadili mambo gani katika polisi wa Glasgow?
3. Kwa nini wapelelezi peke yao hawakuweza kumaliza magendo Sierra Leone?
4. Sungusungu walianza Shinyanga na Tabora mapema katika miaka ya 1980, wakati wa wizi wa ng'ombe. Je, kijijini kwenu ulinzi unafanywaje? Mtuhumiwa akikamatwa, hutendewa nini?