Mutisya wa Munge: Mchongaji aliyetoka vitani na ufundi mpya

WANUNUZI wanaofika Kariokor, mashariki mwa jiji la Nairobi, kutafuta viondo na viatu vya ngozi, ni nadra kukumbuka kwamba jina la mtaa huo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurudi makwao.

Vita hivyo ndivyo vilivyompeleka Mutisya wa Munge, mzaliwa wa Wamunyu, Machakos, katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika.

Hakwenda huko akiwa mgeni wa mbao. Wakamba walikuwa mafundi wa vigoti vya miguu mitatu, mizinga ya nyuki na bakora za wazee. Lakini hivyo vilikuwa vyombo vya matumizi. Huko kusini Mutisya aliona sanamu za watu na wanyama zikichongwa, na akajifunza. Wapo wanaosema walimu wake walikuwa Wazaramo, wengine hutaja Wamakonde.

Vita vilipomalizika mwaka wa 1918, alirejea Wamunyu na kuendelea kuchonga. Wateja walikuwa Wazungu, na biashara ikanoga. Wanawe na jamaa zake wakashika tezo, kisha majirani, hata Wamunyu nzima ikawa kijiji cha wachongaji.

Kutoka huko ufundi ulifuata barabara hadi Nairobi. Kwa miongo mingi wachongaji wa Kikamba walikuwa na karakana zao katika eneo la Gikomba na Pumwani. Mmoja alikata gogo la muhugu au mpingo kwa tezo, mwingine akapiga msasa, wa tatu akapaka rangi ya viatu hadi twiga aking'aa. Vijiko vya saladi, bakuli na vinyago vilivyotoka humo vilipamba sebule za Ulaya na Marekani.

Faida, hata hivyo, haikumfuata fundi, wala sifa haikumfuata. Katika chama cha ushirika cha Wakamba kule Changamwe, Mombasa, kazi ya mwanachama ilitambuliwa kwa namba. Mnunuzi aliondoka na kinyago asijue ni mkono wa nani. Na miti ikapungua: muhugu ulikatwa mno, ikawalazimu wachongaji kugeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda.

Siku hizi wabunifu wa samani na mapambo ya nyumba hupigwa picha wakipokea tuzo, na wanastahili. Mutisya hakuishi kuziona sherehe hizo. Yeye alianza kwa tezo na gogo, na kabla ya kufariki alikuwa amekwisha kuwarithisha wengine kazi iliyokuja kulisha maelfu ya familia, kuanzia Ukambani hadi vichochoro vya Pumwani.